Tasi Aliyeoshwa kwa Ndimu

Bergen

Dada yangu Mwanakheri,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na mwanao Zuwena, na kwamba usingizi umeanza kukurudia baada ya hitima ya Mama. Mimi afya ninayo, moyo ndio bado. Maziko sikuyawahi, na huku hakuna aliyemjua nikamlilia pamoja naye.

Unakumbuka nilimwomba Mama anunue tasi hapo Chwaka, akate kipande cha nyama, akitie kwenye kichupa cha spiriti, mwenzangu wa huku aliyekuja huko kutembea aniletee? Kazi yangu ni kusoma vinasaba vya samaki huyo, ule uzi mdogo ulio ndani ya mitokondria, vijichembe vinavyoupa mwili nguvu. Vipande nilivyopata kwa wavuvi vilisomeka vizuri. Cha Mama uzi wake ulikatikakatika, hauna mwanzo wala mwisho. Nikampigia simu kumuuliza alikifanyia nini. Akasema alikiosha kwa ndimu na chumvi, mara mbili.

"Nnampelekeaje mtu samaki ana shombo, mwanangu, tena ugenini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndimu ilikuwa imeshauharibu ule uzi, lakini ningemwambia nini? Nikamwambia wenyeji wamefurahi. Hatukuzungumza tena baada ya hapo.

Juzi mwalimu wangu alitaka tusafishe friji, visivyosomeka vitupwe. Nilikifungua kichupa cha Mama kabla ya kukitupa. Ndani ya ukali wa spiriti nikasikia harufu ya ndimu. Nililia, dada, mbele ya watu. Mwalimu akakirudisha kichupa mahali pake.

Umeniuliza nataka kanga ipi ya Mama. Usiniletee. Uzi ule ninaousoma kwa samaki, hata sisi binadamu tunao, na mtoto huupata kwa mama yake tu. Kwa hiyo wa Mama ninao, mzima, ila kwangu unakomea. Wanangu, Mungu akinijalia, watachukua wa mama yao.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo wa Makunduchi aliyemwosha marehemu. Mwambie nashukuru, maana mimi sikuwapo.

Kanga ambayo ungeniletea ifanye mbeleko ya Zuwena. Yeye ameupokea uzi wa Mama kutoka kwako, na kwake utaendelea. Ukimfunga mgongoni, kaza fundo.

Mdogo wako,
Haji