Tomi Alivyofungua Mdomo Mwenyewe

Kamwene Mama, shikamoo.

Hapa Iyunga ni mvua na baridi tangu asubuhi. Daktari wa mifugo anasema moyo wa mbwa wetu Tomi, niliyemchukua kwako juzi, umechoka, hautapona, dawa ni ya kuutuliza tu. Akaweka mezani aina mbili: atenolol, na karvedilol inayolegeza pia mishipa. "Hii ya pili ndiyo naiamini kidogo," akasema. Alipoinyanyua, pakiti kama ileile ya dawa yako ya moyo, Tomi akakaa chini, akafungua mdomo mwenyewe, akangoja. Daktari alishangaa. Mimi nikajua vidonge vyako vilikokuwa vikienda.

Mama, Tomi tutamzika. Vidonge vilivyobaki hapo Kalenga meza wewe, nakuomba, na ujifunike vizuri. Sina nguvu ya kuzika wawili.

Mwanao, Neema