Kadi ya Specioza

Busia, 3 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Maloba,

Salamu nyingi. Natumaini hapo Bulumbi mko wazima na goti lako limetulia. Mimi ni mzima, ila nimechoka kufungua geti la duka la simenti. Miaka minne sasa, Mjomba.

Nataka kuwa mlinzi wa mtu, kama ulivyokuwa wewe. Kuna vyuo viwili. Kimoja kiko Tororo, cha mzee Odoi, miezi sita, na wanasema mwezi wa kwanza wote ni kutembea na kuangalia tu. Cha pili kiko huku upande wa Kenya, chenye geti la bluu. Wiki tatu, na ukimaliza kazi iko tayari ng'ambo, kulinda familia ya tajiri. Mama kule Merikit anasema nikuulize wewe kaka yake, kwa sababu yeye hajui bunduki wala matajiri. Niende wapi?

Mpwa wako,
Abbo

Bulumbi, 9 Februari

Mpwa wangu Abbo,

Dorah wa mboga amenipa barua yako. Goti ni goti, lina umri wangu. Tushukuru tunapumua.

Sasa sikiliza. Nilimlinda mkubwa mmoja miaka kumi na tisa, sikupiga risasi hata moja. Kazi yenyewe ni kufika kabla yake, ujue njia, ujue milango, ujue nani ameingia na nani hajatoka. Odoi anafundisha hiyo. Anachosha kama mahubiri ya Kwaresima, lakini anaijua. Hao wa wiki tatu waambie wakutajie watu watatu waliosoma kwao, uongee nao. Wakikuonyesha picha za ukutani tu, rudi nyumbani. Haraka haraka haina baraka, na wewe ulizaliwa na haraka.

Mjomba wako,
Maloba

Busia, 17 Februari

Mjomba mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo, na najua utakasirika. Niliwauliza. Wakacheka vizuri tu, wakasema majina ya walinzi ni siri ya kazi. Nikaona ina maana, hata wewe humtaji mkubwa wako. Nimejiandikisha.

Walitaka kadi ya kitambulisho ya Kenya, eti pasi za kusafiria za huko hutoka upesi. Nimeazima ya binti yako Specioza, usimgombeze. Hapa mpakani kadi huazimwa kama jembe, nani hajui? Tunafanana, na hapo chuoni sasa naitwa Specioza binti Maloba. Waliniuliza baba anafanya kazi gani, ana ndugu serikalini? Nikasema ni mkulima tu. Waliandika.

Kesho wanachukua simu zetu, ni nidhamu. Utanipata kupitia kwa Dorah, anawauzia mboga. Mwambie Mama asihofu.

Mpwa wako,
Abbo

Bulumbi, 19 Machi

Abbo mwanangu,

Salamu baadaye. Dorah nimemwambia akupe hii mkononi, akikukosa airudishe.

Wiki tatu zimepita, hukutokea. Nimekaa siku nne mkabala na lile geti, nikijifanya fundi viatu. Wasichana kumi na mmoja wameingia kwa miguu. Aliyetoka kwa miguu sijamwona. Ijumaa lilitoka basi dogo lenye mapazia.

Nilikwenda kituo cha polisi na Specioza kukutafuta. Ofisa akapiga simu chuoni, akarudi akasema Abbo hawamjui, kuna Specioza binti Maloba. Kisha akamtazama binti yangu. Akasema, "Mzee, si huyu hapa? Aliyepotea ni nani?" Tukatoka. Specioza amelia mpaka macho yamevimba, nikamwambia kosa ni langu pia. Nilikufundisha kuuliza majina ya wengine, nikasahau kukuambia usiingie mahali kwa jina ambalo ndugu zako hawawezi kukutafutia.

Ukiweza, toka. Usipoweza, usiwaambie wewe ni nani. Waache waamini ni mimi niliyekuzaa. Msichana mwenye baba anayemtafuta, watu humgusa kwa woga.

Mjomba wako,
Maloba

[Nyuma ya bahasha, kwa kalamu: Sikumwona. Wanasema wa Februari wote wameshasafiri. Nairudisha. Dorah.]

6 Mei

Kwa baba Maloba,

Mimi binti yako ni mzima. Kazi ni nzuri. Chakula ni kizuri. Simu haziruhusiwi. Usije tena chuoni kushona viatu. Ukiwa na jibu mpe askari wa geti.

Binti yako,
Specioza

Bulumbi, 9 Mei

Mwanangu Specioza,

Barua yako imenikuta mzima. Nimefurahi kusikia unakula. Sikujua siku hizi unaandika kwa mashine.

Uliwaambia mimi ni mkulima. Ni kweli, sasa ni mkulima. Kabla ya hapo nilikuwa mlinzi wa mkubwa, na wenzangu sita wa kikosi wako hapa nyumbani tangu juzi, wanamaliza kuku wangu. Kila mmoja ameisoma barua yako. Namba za lile basi lenye mapazia wanazo. Yeyote anayekusomea hii, naye tunamsalimu.

Shangazi yako wa Merikit amehamia kwangu. Hali, halali. Simwambii anyamaze, maana hata mimi nalia. Anaomba mistari miwili tu ya mkono wako. Mwandiko wako anaujua, yeye ndiye aliyekushika vidole ukijifunza herufi.

Jumatatu mchana naileta barua hii mwenyewe getini, na wenzangu, na sitaondoka hapo bila mistari hiyo miwili.

Baba yako,
Maloba