Kesi ya Ndoo ya Uduvi

Jumatatu, 2 Machi 2009

Polisi wameleta jalada kabla sijamaliza chai. Wanataka saini yetu, ofisi ya mashtaka, ili Bibi Suu akae mahabusu mpaka kesi isikilizwe. Kosa: kuwapinga watumishi wa umma walio kazini. Silaha: ndoo ya uduvi uliochachuka! Nikacheka peke yangu. Kisha nikasoma tena, kicheko kikakatika. Mama wa miaka sitini na ushei, mfuga bata, hajawahi kushtakiwa hata kwa ugomvi wa sokoni.

Aliyemwagiwa ni Tuyen, mkuu wa mgambo wa kata. Anadai ndoo nayo ilimpiga kichwani.

Nimesema sitii saini kabla sijamsikia huyo mama. Sheria inaniruhusu. Polisi akaniuliza, kwani namwona yeye mwongo? Nikamjibu hapana, namwona ana haraka.

Jumanne, 3 Machi

Nimekwenda mahabusu. Bibi Suu akaletwa, nywele bado zinanuka uduvi — kumbe nao ulimrukia mwenyewe.

— Wewe ndiye wa kunifunga?

Nikamwambia natoka ofisi ya mashtaka ya wananchi. Tunashtaki, ndiyo, lakini pia tunaangalia kama polisi wamemkamata mtu kihalali.

— Basi angalia, mwanangu. Macho unayo.

Akasimulia. Kampuni inataka bwawa lake la bata ijenge nyumba ya wageni. Yeye hajakubali. Jumapili asubuhi Tuyen na wenzake wakaja na lori la kampuni, wamevaa kaptula, wakaanza kubomoa banda la bata. Akawataka waonyeshe amri. Tuyen akasema, amri ni mimi. Basi mama akaingia jikoni, akachukua kilichokuwa karibu.

— Na ndoo je? Ulimpiga nayo?

— Ndoo ilinitoka tu. Mimi nilikusudia uduvi.

Jumapili! Kaptula! Lori la kampuni! Kazini gani huko?

Mchana nimempigia Tuyen. Wala hakuficha. Alikuwa "anamsaidia jamaa yake", basi. Jamaa mwenyewe ndiye meneja wa kampuni, shemeji wa mwenyekiti wa wilaya. Wilaya nzima inajua, wanaosukuma mikokoteni ya mboga wanajua. Sisi tu wa ofisini ndio tunajifanya viziwi.

Jumatano, 4 Machi

Mkuu wetu, Bwana Khoat, kaniita. Kanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe — dalili mbaya. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi hii.

— Ndugu Nhan, wilaya inausubiri sana ule mradi.

Nikasema mama apigwe faini kwa fujo, ikibidi amfulie Tuyen shati lake. Lakini watumishi walio kazini? Hawakuwa kazini! Akanikumbusha kwamba ofisi yetu ni mwili mmoja, mkuu akisema wa chini hutekeleza. Kweli kabisa, nikamwambia. Na sheria hiyohiyo inasema wa chini akiona agizo linavunja sheria, akatae kwa maandishi. Nikamwekea karatasi mezani. Nilishaiandika asubuhi.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akaisoma, akaazima kalamu yangu — yangu! — akatia saini yake mwenyewe kwenye amri ya polisi.

Kwa hiyo mama anabaki ndani. Nikaenda chooni nikalia. Nikanawa uso, nikarudi kazini. Asinione mtu.

Ijumaa, 13 Machi

Kikao cha tawi la Chama la hapa ofisini. Ajenda: mimi. Nina ubinafsi, sina nidhamu, nimesahau nani alinisomesha. Nikatakiwa nisimame nijikosoe.

Nikasimama. Nikasema, najikosoa ndugu zangu, nilikosea. Jalada lilifika Jumatatu asubuhi, nami nikaenda kumsikiliza mama Jumanne. Nilipaswa kwenda siku ileile.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Nimepewa onyo.

Nyumbani nikamsimulia mume wangu, Luc, yuko chini ya pikipiki ya mteja. "Wakikufukuza utakuja kunishikia spana," akasema. Kisha akatoa kichwa. "Ila usirudi nyuma."

Jumanne, 28 Aprili

Hati ya mashtaka imetoka. Khoat kaiandika yeye. Atakayeisoma mahakamani? Mimi! Nikauliza kwa nini. Ili watu waone ofisi ina sauti moja, akasema.

Anataka niyameze maneno yangu mbele ya watu. Sawa. Nitakwenda.

Jumatano, 6 Mei

Naandika nikiwa chumba cha nyuma cha mahakama. Hakimu ameahirisha kwa muda.

Hati nimeisoma yote, neno kwa neno, kama nilivyoagizwa. Ikafika zamu yangu ya kumhoji Tuyen. Siku ile ilikuwa siku gani? Jumapili. Nani alikutuma? Akageuka kumtazama Khoat kiti cha nyuma. "Jamaa yangu." Ulivaa sare? Akageuka tena nyuma. Nikarudia.

— Kaptula.

— Na kandambili moja! — Bibi Suu akapaza sauti kizimbani. — Nyingine ilizama bwawani!

Ukumbi ukaangua kicheko. Hakimu akagonga meza. Mimi bado nimesimama. Nikasema: kwa kuwa watu hawa hawakuwa kazini, kosa lililoandikwa halipo. Kwa mamlaka niliyopewa na sheria, ofisi ya mashtaka inayaondoa mashtaka yote.

Hakimu akaomba nirudie. Nikarudia, safari hii kwa sauti. Mzee wa baraza mmoja akavua miwani, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia.

Khoat amenifuata huku. Kwanza alikuwa kwenye simu korido, "ndiyo, ndugu mwenyekiti, ndiyo". Kisha akaingia. Nirudi niseme ulimi uliteleza, naye atasahau yote. La sivyo atakwenda kukaa kitini kwangu yeye mwenyewe, ayarudishe mashtaka.

Nikamwambia akakae. Ila awaambie watu kwa kinywa chake kwamba Jumapili ile, kwenye kaptula, Tuyen alikuwa serikali.

— Unajua kesho utakuwa nani, Nhan?

— Sijui, mkuu. Leo ndiyo najua.

Ameniita Nhan tu, bila "ndugu", kama zamani alipokuwa akinifundisha. Upande wa pili wa ukuta Bibi Suu anamuuliza askari kama anaweza kwenda nyumbani kuona bata wake. Askari anamwambia, bado mama, ngoja kidogo.

Karani anaita. Watu wanaketi, nasikia viti. Khoat kasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, hapiti wala hanipishi. Simu yake inalia tena, haipokei.

Naweka kalamu. Narudi ukumbini kwenye kiti changu. Itabidi anipishe, au anisukume mbele ya watu wote.