Filimbi ya Shamba la Pareto

Chuo Kikuu, Nairobi
Juni 1971

Baba Mdogo Mathenge,

Mimi ni mzima, na viazi mlivyonitumia kutoka Chaka vimefika bila kuoza. Asanteni.

Barua yako pia imefika. Unaniamuru niache saikolojia nibaki na historia peke yake, ati saikolojia ni somo la wendawazimu, ati kanisani mmeanza kuniombea. Saikolojia ni somo langu dogo tu. Mbona linakutisha kuliko lile kubwa?

Nitakwambia kwa nini nimelichagua. Kila asubuhi unapiga filimbi kuwaita wachumaji wa pareto shambani kwako. Kila ukiipiga, Mama anaacha chai yake, anashika jembe na kukimbia kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, lililofukiwa tangu Emajensi ya Waingereza ilipoisha. Wachumaji wanacheka. Na wewe unacheka nao, unasema, "Huyu akili iliruka zamani."

Iliruka vipi, Baba Mdogo? Mama alipokuwa akichimba handaki lile na mimi mgongoni, ni homugadi gani, askari mweusi wa Waingereza, aliyesimama ukingoni na bunduki, akipiga filimbi kila mara mtu alipoinua kichwa? Ni filimbi hiyo hiyo. Hata kamba yake hujabadilisha.

Kuanzia leo waite wachumaji kwa mdomo. Nafika Jumamosi. Nikute filimbi iko juu ya meza, la sivyo Jumapili nitasimama kanisani niwaambie hao wanaoniombea ni nani wanayepaswa kumwombea.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Watiri