Rangi za Msimbo Zilizogoma Kihesa

Ilomba, Mbeya. Jumamosi; ukungu haujaondoka, wala wasiwasi wangu.

Kwako shajara, na kwa yeyote apitaye katika blogu hii,

Pokea salamu zangu za heshima. Madhumuni ya kuandika ni kueleza yaliyonipata jana Kihesa, Iringa, kabla ujasiri haujaniishia.

Nimetengeneza mfumo wa kufundishia programu za kompyuta, unaofunguliwa kwa kivinjari. Ndani yake msimbo, yaani mistari ya maelekezo kwa kompyuta, hupakwa rangi: amri bluu, maneno yaliyo ndani ya nukuu kijani. Mwanafunzi akisahau kufunga nukuu, kijani humwagika hadi kwenye maneno yasiyohusika, naye huliona kosa lake bila kuambiwa. Kwa ajili ya rangi hizo tu, Mwalimu Eliza, msimamizi wa kituo cha kompyuta cha huko Kihesa, alikubali niuonyeshe darasani kwake.

Nilisimama mbele ya darasa nikatamka, "Sasa mtashuhudia msimbo ukijipambanua."

Ukatokea mweusi wote.

Nikafungua ukurasa upya. Mweusi. Jasho likanitoka katika baridi ile ya Iringa.

"Kaka, rangi umezisahau Mbeya?" akauliza binti wa kiti cha mbele. Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Eliza hakucheka. "Maandishi ya rangi moja hata ubaoni ninayo, kaka yangu. Jumatatu nitaamua kama tunaendelea na wewe."

Leo nimeelewa. Kituo kile huzima intaneti wakati wa kipindi, bando lisiliwe na video. Jana kompyuta zote ziliunganishwa kwa waya na mashine yangu pekee, yenye mfumo. Nami mafaili ya kupaka rangi nilikuwa nikiyavuta kutoka mtandaoni. Hapa nyumbani data yangu haizimwi kamwe.

Niliijaribu kazi katika mazingira yangu mwenyewe, nikaitangaza kuwa imekamilika. Hilo linaniuma kuliko kicheko.

Nimeyahamishia mafaili hayo ndani ya mfumo wenyewe. Nimezima data, nikafuta vyote vilivyohifadhiwa na kivinjari, nikafungua ukurasa huku nimebana pumzi.

Rangi zimetokea.

Lakini hapa ni kwangu. Kihesa sijathibitisha.

Mwalimu Eliza, najua huwa unapita humu. Sikuombi uniamini. Naomba kipindi kimoja, intaneti ikiwa imezimwa, mbele ya wanafunzi walewale. Tafadhali nipe uamuzi wako: nije, au nisije?