Maji ya Chupa ya Kumwoshea Bibi

Chinongwe, Jumatano, Novemba 2008

Na bado yule msimamizi wa wachorongaji alitaka nimshukuru. Amesimama msibani kwetu na katoni za maji ya dukani, ananiambia, "Poleni, dada. Tumeona mna shida."

Shida! Chemchemi yetu ilikuwa safi mpaka walipoleta mtambo wao, kutafuta joto la ardhini la kuzalishia umeme. Wamechoronga chini sana, na tope lao lenye mafuta na dawa likafurika, likateremka mpaka kwenye maji yetu. Joto lenyewe wanasema halitoshi. Keshokutwa wanahama.

Bibi alipofariki alfajiri, Mama alinituma chemchemini nikachote maji ya kumwoshea. Nilirudi na ndoo tupu. Yale hayafai hata kuoshea jembe.

Basi nikazipokea zile katoni. Ningefanyaje? Maziko hayangoji.

Tukakaa nyuma ya pazia, sisi wanawake, tunafungua chupa mojamoja. Ule mlio wa kifuniko kinapokatika, mpaka sasa ninausikia.

Bibi hakupenda maji ya kwingine maisha yake yote. Hata alipolazwa Nachingwea alibeba dumu lake la maji ya chemchemi, na manesi walipompa ya bomba aligeukia ukutani.

Mama alionja kidogo kabla ya kummiminia. "Haya angeyakataa," akasema.

Leo hakukataa.