Msizi wa Mashua ya Abeli

Nyantakara, Jumapili

Dada Rozina,

Shikamoo. Mvua imekuja, maharage yametoka vizuri, na mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Mdogo wetu Abeli anaunda mashua hapa uani, na ziwa lilivyo mbali! Tanga ameshalishona kwa magunia ya mbolea. Watu wanamcheka, yeye anapiga nyundo tu.

Niliporudi kutoka machimboni nilikuta amekata ule mti wa msizi wa nyuma ya nyumba ili apate mkuku, ubao mkuu wa chini ya mashua. Unajua sikuwepo siku ya mazishi. Niliambiwa tu kwamba baba amelazwa chini ya msizi. Nikamwuliza Abeli, "Umemkata baba ukavulie sato?" Akacheka, akidhani natania. Nikanyakua tezo lake la kuchongea mbao nikamkata nalo mkono, nikampiga tena akiwa chini, mpaka majirani wakanikamata. Vidole vitatu vilibaki juu ya ubao.

Mama alitoka jikoni akipiga kelele: "Baba yenu yuko chini ya msizi ule mwingine! Huu aliupanda mwenyewe, akamwachia Abeli aundie mashua."

Abeli amekataa kunishtaki. Tangu arudi kutoka hospitali, kila asubuhi ananiita uani, anakaa juu ya gogo na bandeji yake, ananionyesha pa kuchonga. Hanisemeshi kitu kingine. Tezo ni lile lile. Jana nilitaka kuosha damu iliyokaukia kwenye mpini, akanizuia.

"Liache hivyo," alisema. "Chonga."

Mdogo wako,
Laurian